Kikohozi cha Upande wa Pili

Siku tatu kabla sijastaafu mlinisikia nikifoka studio namba mbili mpaka mlinzi akaacha geti na kuja kuchungulia. Hakuna aliyeniuliza kulikoni. Siku ya kuniaga mkakata keki, mkanipa saa ya ukutani, na mkuu wenu akaniomba niandike machache kuhusu kazi ili vijana wajifunze. Sasa nimekaa hapa Chamazi wiki ya pili naitazama hiyo saa, ambayo inachelewa dakika kumi. Nitaandika, ila msitarajie maneno matamu. Vyeo na mishahara vimo kwenye faili langu pale utawala, kasomeni huko.

Kazi ya sauti niliianzia Temeke, enzi za ruksa, pale bidhaa za Dubai zilipoanza kumwagika mjini na kila mwenye kontena la bati akawa mfanyabiashara. Mwajiri wangu aliitwa Bwana Mbaruku, mwenye duka la kurekodi kaseti. Kwa wale waliozaliwa baadaye: mteja alikuja na kaseti tupu na karatasi yenye orodha ya nyimbo, nasi tukamrekodia kutoka kwenye santuri za duka. Kontena letu lilikuwa la kijani, na feni moja iliyomwelekea bosi na spika mbili zilizoelekea barabarani. Sisi wafanyakazi tulipata hewa mteja alipofungua mlango.

Siku ya kwanza Mbaruku hakuniuliza najua nini. Alinishikisha kipaza sauti.

"Haya, Tatu, sema: Kwa Mbaruku, Temeke! Usidanganyike!"

Nikasema.

"Aa, unasoma taarifa ya habari? Sema kwa madaha bwana, watu wageuke."

Nikasema kwa madaha. Akapiga makofi, akaniambia kuanzia leo mie ndiye sauti ya duka. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Maana ya lile tangazo ni hii. Maduka mengine yalikuwa yananunua kaseti moja kwetu, yanaitoa nakala mia, yanauza. Dawa yake ikawa kupachika jina la duka ndani ya kila wimbo, tena mahali ambapo mwizi hawezi kulikata. Mwanzoni hapafai, atapaondoa. Juu ya mwimbaji hapafai, mteja atalalamika. Kanuni tuliyofundishwa ni kusubiri muziki ushuke: waimbaji wakinyamaza na magitaa yakivuta pumzi, hapo ndipo unaingia. Kwa nyimbo za bendi zetu haikuwa shida, maana pengo lenyewe lilikuwa la kupumulia tu kabla watu hawajaanza kukatika viuno. Nikaizoea kazi hiyo kiasi kwamba mkono ulikuwa unainuka wenyewe kabla akili haijasema kitu. Nilijivunia mkono ule, na leo ukitajwa najionea kinyaa.

Jina liliingizwa palepale wakati wa kurekodi kaseti mama, ile ambayo nakala zote zilitokana nayo. Bosi hakutaka kaseti mama iliyo safi iwepo dukani hata kwa saa moja, akihofia mfanyakazi ataiuza kwa jirani. Likishaingia, basi. Halitoki.

Mzee Chitanda alitujia asubuhi moja amebeba gramafoni iliyofungwa kwenye kanga. Alikuwa mtu wa Masasi, mfupi, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini tangu ujana wake, mpaka walipoanza kupunguza watu naye akapunguzwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niangalizie huyu. Amekufa, au kazimia tu?"

Nikafungua. Sindano ilikuwa imelika mpaka kwenye shina, na waya za mota zimeungua zote. Vipuri vya chombo kile havikuwepo tena mjini.

"Amekufa, Mzee."

Akakaa kwenye benchi kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Ndipo akanieleza kwamba nyumbani ana santuri ishirini na tatu, na sasa hana cha kuzichezea. Alizipata mwanzoni mwa miaka ya sitini, alipokuwa kijana, kutoka kwa mabaharia wa meli za mizigo. Kaka yake alikuwa mchongaji, basi Mzee alikuwa anapeleka vinyago gatini na kurudi na santuri, kinyago kwa santuri, bila senti kupita mkononi. Zote zilikuwa za jazi na bluzi za Waamerika weusi, zilizorekodiwa miaka hiyohiyo.

Mbaruku akatega sikio. Hoteli mpya ya ufukweni, upande wa Kinondoni, ilikuwa imemwagiza kaseti za muziki wa kutuliza wageni wakati wa chakula, naye alikuwa hana hata moja. Akatoka kwenye feni yake, jambo ambalo halikuwa la kawaida, akamshika Mzee mkono. Makubaliano yalifanyika mbele yangu. Mzee ataacha santuri zake dukani. Duka litarekodi kwa ajili ya hoteli. Mzee atapewa kaseti ya kila santuri, isiyo na tangazo, kisha arudishiwe santuri zake zote.

"Safi lakini," Mzee akasema. "Sitaki mtu apige kelele humo ndani."

"Safi kabisa, Mzee wangu." Mbaruku akaweka mkono kifuani. "Huyu Tatu mwenyewe ndiye atakayekurekodia."

Kwa mwezi mzima Mzee akawa anakuja kila siku baada ya chai kunifundisha kuziangalia. Kila nilichowafundisha ninyi kuhusu usafi wa mitambo kilitoka kwake. Santuri haishikwi tumboni, hushikwa ukingoni kwa viganja, kama sahani ya moto. Haioshwi kwa maji ya kisima cha Temeke, kwa sababu yana chumvi na chumvi ikikauka inakaa kwenye mifereji na kuikwangua. Aliosha kwa maji ya mvua aliyoyakinga wakati wa masika na kuyahifadhi kwenye chupa ya soda, yenye kifuniko cha kitambaa. Anachovya pamba, anafuta kwa kuzunguka, kisha anaisimamisha ikauke kivulini. Mbaruku alikuwa anamcheka, anamwita mwosha maiti.

Siku ya kwanza kusikiliza nilidhani mtambo umeharibika. Mjini kwetu jazi ilikuwa bendi: tarumbeta, magitaa matatu, na mtu analia kuhusu Maria. Hii haikuwa na Maria.

"Mzee, mbona hawaimbi?"

"Wanaongea. Kaa kimya uwasikie."

"Wanaongea nini sasa?"

"Ningejua ningekuwa bado nasikiliza?"

Hatukujua Kiingereza cha kusoma majalada, kwa hiyo tukazipa majina. Kulikuwa na Ya Buluu, Ya Mwenye Koti, Ya Kipofu na Kinanda. Moja haikuwa na jalada kabisa. Ilinyeshewa gatini siku Mzee alipoipokea, jalada likaoza na karatasi ya katikati ikabanduka, hivyo hata mwenyewe hakujua ni ya nani. Hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Upande wa pili, wimbo wa tatu, kila chombo kinaacha na kubaki gitaa kubwa la besi peke yake, linapiga noti moja, linasubiri, linapiga nyingine. Kisha nalo linanyamaza. Na kwenye kimya kile, mbali kidogo na kipaza sauti, mtu anakohoa. Mara moja tu. Halafu besi inaendelea.

"Pole, bwana," Mzee akasema.

Nikacheka. Nikamuuliza ni nani huyo.

"Simjui. Miaka thelathini sasa anakohoa, nampa pole, simjui. Huenda mpiga ngoma, huenda mfagiaji kaingia vibaya. Ila alikuwepo, mwanangu. Wale wengine wanapiga muziki, huyu yeye alikuwepo tu."

Sikumwelewa siku ile. Ila tangu hapo tukifika pale tulikuwa tunasema wote, "Pole, bwana," na wateja wanatuona wehu.

Kisha Mzee akafiwa kwao, akasafiri kwenda Masasi kwa wiki tatu. Hoteli ikawa inataka mzigo wake. Sindano ya duka ilikuwa imechoka, inakwaruza, na mpya ilikuwa imeagizwa Dubai. Mie nikapiga hesabu zangu za kitaalamu: za hoteli nizirekodi kwa sindano mbovu, wageni wao wanaotafuna mihogo ya kukaanga hawatajua, kisha sindano mpya ikifika nimrekodie Mzee nakala zake, safi kama zilivyo. Nilitaka kumfanyia kazi nzuri mno. Ndilo kosa la kwanza, nami nimekuwa nikiwafokea miaka yote kila mnaposubiri chombo bora zaidi wakati kazi ipo mezani. Sasa mjue chanzo.

La pili ni baya zaidi. Kaseti za hoteli zilipaswa kuwa na tangazo kama nyingine zote. Nikazirekodi moja baada ya nyingine, santuri ishirini na tatu, kwa siku nne. Ilipofika ile isiyo na jalada, upande wa pili, wimbo wa tatu, muziki ukashuka. Besi ikapiga noti, ikasubiri, ikapiga nyingine, ikanyamaza. Mkono wangu ukainuka wenyewe. "Kwa Mbaruku, Temeke! Usidanganyike!" Kwa madaha. Nilishtuka wakati nimeshamaliza. Nikajiambia si kitu, hii ni ya wala mihogo, ya Mzee itakuwa safi.

Jumanne nilitoka kula, niliporudi rafu ilikuwa tupu.

"Bosi, santuri za Mzee ziko wapi?"

"Kuna mzungu kapita, anakusanya vitu vya zamani. Kachukua zote, hata hajachagua." Alikuwa anatabasamu.

"Si zako!"

"Tatu, tulia basi. Si tushanakili? Mzee anataka nini, muziki au plastiki? Muziki anao. Na nitamletea redio kaseti mpya ya Dubai, ya spika mbili. Atanishukuru."

Nilikimbia mpaka barabarani, kana kwamba mzungu angekuwa amesimama pale ananisubiri. Alhamisi yake sindano mpya ikafika. Niliifungua kwenye kiboksi chake, ndogo, inang'aa, nikalia kwa hasira mbele ya wateja.

Mzee aliporudi na kusikia, hakupiga kelele. Alikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, kama watu tulivyokuwa tunafanya. Tukaitwa barazani. Sasa huyo mjumbe wiki iliyofuata alikuwa anaozesha binti yake, na spika za shughuli zilikuwa zinatoka dukani kwetu. Mbaruku akaja na redio kwenye boksi lake, haijafunguliwa, na kaseti ishirini na tatu, nakala za zile za hoteli, zimepangwa vizuri kwenye katoni. Akaeleza kwamba kulikuwa na kutoelewana kidogo, ila Mzee hajapoteza kitu.

Mjumbe akanigeukia. "Wewe binti ndiye uliyerekodi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nyimbo za huyu mzee zote zimo?"

Mzee Chitanda alikuwa ananitazama. Mbaruku naye alikuwa ananitazama. Nyumbani nilikuwa na mama mgonjwa na wadogo zangu wawili, na kazi nyingine sikuwa nayo. Nawaambia hivyo kama maelezo, si kama udhuru.

"Zimo," nikasema.

"Zote?"

"Zote."

Hakuna aliyeuliza kama ni safi. Nami sikusema. Mjumbe akamwambia Mzee kwamba kapewa redio mpya, kaseti anazo, basi hakuna la kulilia, na watu wanapaswa kwenda na wakati. Mbaruku akamtolea Mzee mkono na Mzee akaupokea, kwa sababu alikuwa na adabu ambayo wale wawili hawakustahili.

Kesho yake nilikwenda kwake, nyuma ya karakana za Keko. Nilikuwa nimeamua kumwambia kabla hajasikiliza. Nilichelewa. Redio ilikuwa juu ya kigoda, imeshafunguliwa, na kaseti ilikuwa inazunguka. Alikuwa ameanza na ileile isiyo na jalada. Akaniashiria nikae. Tukasikiliza upande wa pili wote kuanzia mwanzo, mie nikitafuta pa kuingilia na kusema, na kila nikifungua mdomo ananyoosha kidole ninyamaze. Matangazo ya wimbo wa kwanza na wa pili aliyavumilia, akifumba macho tu. Wimbo wa tatu ukafika. Vyombo vikaacha. Besi ikapiga, ikasubiri, ikapiga, ikanyamaza. Nikaona midomo yake inajiandaa kusema pole.

"Kwa Mbaruku, Temeke! Usidanganyike!"

Besi ikaendelea.

Mzee akazima redio.

"Mwanangu," akasema, "mbona umemfunika?"

Nikaanza kumweleza kanuni ya duka, kwamba muziki ukishuka ndipo jina linapoingia. Nilijisikia ninavyosema na nikanyamaza mwenyewe. Alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na chupa ya soda yenye maji ya mvua, akanipa.

"Chukua. Mie sina cha kuoshea tena."

Ningefurahi angenitukana. Angenirushia hiyo redio, angeniita mshenzi, ningekuwa nimemaliza deni siku ile. Alinisindikiza mpaka njiani na kuniambia nimsalimie mama.

Msidhani niliacha kazi kwa kishindo. Niliendelea pale mwaka mzima, nikipiga kelele zilezile kwa madaha yaleyale. Nilipopata nafasi studio ndipo nilipoondoka, na Mzee Chitanda alifariki baada ya muda si mrefu. Sikuwahi kuomba radhi mbele ya ile baraza. Mjumbe alikufa akiamini zimo zote.

Miaka yote niliyokuwa nanyi mmeniita mkali, mama kimya, na majina mengine mnayodhani sikuyasikia. Nimegombana na kila mmoja wenu anayepachika jina lake ndani ya wimbo wa mtu, mara mwanzoni, mara katikati, na wengine mmelirekodi kwa sauti ya dada zenu likipiga mwangwi. Mlidhani ni wivu wa mzee asiyetajwa. Sauti yangu imeshasikika vya kutosha, na jina la mtaa pia.

Sasa ile siku ya kufoka. Neema, ambaye nyote mnamjua na ambaye ni fundi mzuri kuliko nilivyokuwa mie, aliniita studio namba mbili akicheka.

"Bi Tatu, njoo usikie kitu. Kuna mtu kaweka mtandaoni kaseti za zamani za hotelini. Jazi kali, ila katikati kuna mdada anapayuka, utakufa!"

Nikasikia noti mbili za kwanza nikakaa chini. Ilikuwa ileile, na mkwaruzo wa ile sindano mbovu. Mdada akapayuka. Neema akacheka tena, kisha akaniona uso na akaacha.

Nikamwambia ni mie. Nikamwambia na kilichokuwa chini yake.

Yule binti ana moyo mzuri. Akachukua simu yake, akaisogeza kwenye spika, na simu, kwa kuusikiliza muziki tu, ikataja jina la santuri ile ndani ya sekunde kumi. Kitu ambacho Mzee hakukijua miaka thelathini, na ambacho mie nimekitafuta zaidi ya mingine thelathini. Santuri maarufu, kumbe. Dunia nzima inayo. Neema akatafuta toleo lake jipya, lililosafishwa, akanivalisha headphone zile kubwa tunazochunguzia sauti, akaniambia, "Sasa mshike huyo mtu wako."

Nilifumba macho. Vyombo vikaacha. Besi ikapiga noti, ikasubiri, ikapiga nyingine. Niliisikia mpaka kucha kwenye waya, kitu ambacho gramafoni ya Mzee haikuwahi kutoa. Ikanyamaza. Nikasubiri.

Hakuna. Kimya kitupu, kimesuguliwa kama sakafu ya wodi. Fundi fulani huko, mwenye vifaa bora, aliona ni uchafu akautoa. Besi ikaendelea.

"Pole, bwana," nikajikuta nimesema, na hakukuwa na mtu wa kumpa.

Tukarudia mara tatu. Neema aliamini labda nimepitwa. Kwenye kaseti nimemfunika mie, ila yumo bado chini ya kelele zangu; kwenye hii amemfuta fundi mwenzangu, na sisi wote wawili tulikuwa tunafanya kazi yetu kwa bidii. Neema, maskini, akageukia kompyuta kama tunavyofanya wote tukiishiwa maneno. Akasema diski imejaa, na kwa kuwa sasa tuna hii nzuri isiyo na kelele, basi ile ya mdada anaifuta.

Hapo ndipo mliponisikia.